Sufuria orijino ni ipi hasa? Tuongee vyombo vya jikoni bila kutishana

Siku hizi huwezi kukaa kwenye grupu la WhatsApp la familia au la kikoba bila kukutana na sauti ya mtu usiyemjua anakwambia sufuria za aluminiamu zinaleta kansa, tupa zote leo hii. Hujakaa vizuri inakuja nyingine inasema shida sio aluminiamu, shida ni nonstiki, na ya tatu inakufundisha uende dukani na sumaku mkononi, ikinasa kwenye sufuria ya stenlesi ujue umepigwa. Ongeza na hili la nishati safi, maana tangu serikali izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi, watu wengi wanahama mkaa kwenda gesi na umeme, wakifika huko wanakuta sufuria iliyowatumikia vizuri miaka yote ama inaunguza ama haishiki moto kabisa. Basi ni vurugu tupu, kila mtu anauliza "orijino ni ipi?" na muuza duka naye anajibu kulingana na mzigo alionao.

Msimamo wangu nausema mapema. Hilo swali la orijino ndo linalotupoteza, kwa sababu sufuria inaweza kuwa orijino kabisa na bado isikufae. Maswali ya maana ni matatu: imetengenezwa na nini, itakaa kwenye moto gani, na utapikia nini humo ndani. Ukishayajibu hayo utashangaa jinsi jina la kwenye boksi linavyopungua uzito.

Kwenye maduka yetu, kuanzia wale wa kupanga chini Makoroboi hapa Mwanza mpaka maduka ya vioo ya mjini, vyombo vya kupikia ni vya aina chache tu. Kuna aluminiamu, zile sufuria nyepesi za kijivu cheupe tulizokulia nazo. Kuna stenlesi, ile stili inayong'aa ambayo kwenye vitabu utaikuta inaitwa chuma cha pua. Kuna nonstiki, ambayo mara nyingi ni aluminiamu hiyohiyo iliyopakwa utando ili chakula kisigande. Na kuna chuma chenyewe, kizito, cheusi, kama kile cha kupikia chapati. Ukijua hizo nne umeshamaliza nusu ya safari, mengine yote ni mchanganyiko wa hizo.

Aluminiamu, mtuhumiwa namba moja

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndo kuna hofu kubwa, na pia ndo sufuria iliyopo kwenye nyumba nyingi.

Aluminiamu inapitisha joto vizuri sana, zaidi ya mara kumi ya stenlesi, ndo maana maji yanachemka haraka na ugali unaiva sawasawa pande zote. Ikigusana na hewa inajijengea ngozi nyembamba mno ya oksidi ambayo huioni kwa macho, na ngozi hiyo ndo inayozuia aluminiamu isiingie kwenye chakula. Sasa ngozi hii ina maadui wawili. Wa kwanza ni vitu vikali kama ndimu, ukwaju, nyanya na maziwa mgando. Wa pili watu wengi hawamjui, ni magadi. Ukipika mlenda au makande kwa magadi kwenye sufuria ya aluminiamu halafu ukaona inakuwa nyeusi ndani, hiyo ni ngozi inashambuliwa. Mapishi ya magadi kama una chungu au sufuria ya stenlesi, yapeleke huko.

Hii haina maana kwamba sato wa kuchemsha na nyanya na ndimu ni sumu. Kinachoingia kwenye chakula kwa nusu saa ya mapishi ni kidogo, na sehemu kubwa sana ya aluminiamu unayomeza inapita tu tumboni na kutoka, ile kidogo inayoingia kwenye damu figo zinaitoa. Wataalamu wa chakula wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 2011 waliweka kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, yaani mtu wa kilo 60 ni miligramu 120 kwa wiki. Wa kuwa makini zaidi ni mwenye ugonjwa wa figo, huyo mpikie kwenye stenlesi. Kwetu sisi wengine kanuni ni fupi: pika, ukimaliza hamisha. Tabia ya kulaza mchuzi wa nyanya kwenye sufuria mpaka kesho asubuhi ndo ya kuacha.

Na kansa je? Nadhani najua hofu ilipoanzia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeorodhesha *uzalishaji* wa aluminiamu kuwa kazi inayosababisha saratani, yaani wale wafanyakazi wa viwandani wanaovuta moshi na mivuke kwenye matanuru mwaka hadi mwaka. Mtu akasoma kichwa cha habari, akakata neno moja, likabaki aluminiamu na kansa, likaingia kwenye klipu. Kupikia kwenye sufuria ni kitu kingine kabisa, hakuna ushahidi kwamba kunaleta saratani. Habari kwamba aluminiamu inaleta kusahausahau uzeeni nayo ilianza miaka mingi iliyopita kama wasiwasi wa watafiti na mpaka leo haijathibitishwa.

Ila kuna jambo kuhusu sufuria hizi ambalo klipu hazilisemi na ndo lingepaswa kutusumbua. Kuna sufuria za kiwandani, zinatoka kwenye bati safi la aluminiamu, na kuna zile nene za kumimina, zinazotengenezwa na mafundi kwa kuyeyusha skrepa. Skrepa inakuwa na kila kitu, vipande vya injini, rejeta, makopo, vifaa vya umeme, na humo madini ya risasi yanaweza kuingia bila fundi kujua wala kukusudia. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima vyombo 42 vya aina hii kutoka nchi 10 za Afrika, Asia na Amerika, na zaidi ya theluthi vilitoa risasi kwa kiwango cha hatari. Risasi haina ladha, haina harufu, huwezi kuiona kwa kugeuza sufuria juani, na WHO wanasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, mtoto mdogo ndo anaumia zaidi kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Siwasemi mafundi vibaya, sufuria zao ni nzito na zinapika vizuri ajabu, ila kama unayo usichemshie uji wa mtoto, usipikie ukwaju wala nyanya na usihifadhie chakula. Kama ndo unanunua sasa hivi kwa ajili ya nyumba yenye mtoto, chukua ya kiwandani.

Halafu jamani hili la kung'arisha. Kwetu mwanamke anapimwa kwa sufuria zake, zikiwekwa juani kwenye kichanja ziwe zinapiga watu macho. Unakuta mtu anasugua stiliwaya na majivu na mchanga, nje na ndani, kila siku ya Mungu. Majivu ni ndugu yake magadi, yanayeyusha ile ngozi, stiliwaya inakwangua inayobaki, na kesho ukipika sufuria inaanza kujijengea ngozi upya kwa kula unene wake yenyewe. Nje sugua utakavyo. Ndani tumia sponji na sabuni, na ile rangi ya kijivu inayobaki baada ya kuchemsha maji au mayai iache, haina madhara.

Stenlesi na ile hadithi ya sumaku

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu ndo inaleta ngozi inayozuia kutu. Anayetajwa sana kwa ugunduzi huu ni Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na kilichomshangaza ni kwamba ile stili haikuliwa na asidi. Kwa jiko letu la ndimu na nyanya na ukwaju hiyo ni habari njema, humo pika utakacho na kikilala usiku hakina neno.

Kwenye kitako cha sufuria au kwenye boksi utaona namba kama 18/10, 18/8 au 18/0. Ya kwanza ni asilimia ya kromiamu, ya pili ni nikeli. Nikeli inaongeza ung'avu na uwezo wa kuhimili chumvi, na pia inabadilisha mpangilio wa chuma ndani kiasi kwamba sumaku hainasi. Kwa hiyo 18/10 kwa kawaida sumaku haiishiki, 18/0 inaishika.

Hapo ndo hadithi ya sumaku ilipozaliwa, na hapo ndo inapofia. Kuna aina nyingine ya bei rahisi inaitwa 201, ambayo sehemu ya nikeli imetolewa ikawekwa manganizi, na hii nayo sumaku hainasi, wakati kwenye chumvi inapata kutu mapema kuliko 18/10. Upande wa pili, sufuria nzuri na za gharama zilizotengenezwa kwa ajili ya jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, zimewekewa kwa makusudi kitako kinachonasa sumaku. Maana yake ni kwamba ukienda na sumaku yako ukawa unakataa kila inachonasa, utarudisha kitu kizuri na kubeba 201 ukishangilia. Sumaku inakwambia jambo moja tu, kwamba hii sufuria itafanya kazi kwenye indaksheni au haitafanya. Ubora haiujui.

Ubaya wa stenlesi ni kwamba joto halisambai. Stenlesi nyembamba tupu ukiweka kwenye gesi, pale moto unapogusa ndo panaunguza na pembeni pamepoa, unapata ukoko wa duara katikati na wali mbichi kandokando. Watengenezaji walitatua hili kwa kuweka aluminiamu nene katikati ya tabaka mbili za stili kwenye kitako, na wengine wanapandisha tabaka hizo mpaka juu kwenye kuta. Hiyo ndo stenlesi ya kununua. Isiyo na hicho kitako ni ya kuchemshia maji na chai basi.

Ukiona madoadoa meupe yaliyochimbika chini ya sufuria ya stili, ni chumvi iliyotupwa kwenye maji baridi ikalala chini. Subiri maji yachemke ndo uweke chumvi ukoroge. Zile rangirangi za upinde ni joto tu, siki inazitoa.

Kitako kwanza

Kama ningeambiwa niangalie kitu kimoja tu dukani ningeangalia unene wa kitako. Fikiria bati la nyumba na ukuta wa tofali, jua la saa saba likiwaka. Bati linachoma ndani ya dakika chache na wingu likipita limepoa, tofali linachelewa kushika joto ila hata jua likizama bado linatoa. Sufuria nyembamba ni bati, ukiongeza moto kidogo chakula kimeshika, ukiweka nyama baridi joto lote limekimbia. Nene inavumilia, hata ukizubaa na simu.

Namna ya kuipima ni hivi, na usione aibu muuzaji akikuangalia vibaya. Geuza sufuria kichwa chini, weka vidole gumba viwili katikati ya kitako ubonyeze kwa nguvu. Ikibonyea na kurudi ikatoa mlio, irudishe. Isipobonyea, igeuze uiweke juu ya kaunta ya kioo au sakafu ya vigae, iguse pembeni kwa kidole: ikizunguka au kucheza, kitako hakijanyooka, kwenye gesi utavumilia ila kwenye jiko bapa la umeme utalia. Itazame kwa ubavu, sufuria yenye kitako cha tabaka inaonyesha mstari pale kipande kilipoungwa, na unene wake unauona kabisa. Chukua mbili za ukubwa mmoja za makampuni tofauti, moja mkono huu nyingine mkono huu, mara nyingi mkono unajua kabla yako. Mwisho ni mshikio. Tafuta uliopigwa ripiti, na zisicheze ukiitikisa, ule uliochomelewa nukta mbili unatoka siku umebeba supu ya moto.

Muuzaji atakwambia "dada hii ni ya Dubai" au "hii ya Ujerumani hii, soma mwenyewe." Soma vizuri kweli, mana kuna boksi limeandikwa jina la Kijerumani kwa herufi kubwa na halisemi popote kwamba imetengenezwa Ujerumani.

Na zile seti za kichen pati, boksi kubwa limeandikwa vipande 12. Hesabu. Sufuria nne, mifuniko minne, fraipani moja na mfuniko wake, miiko miwili, hizo ni 12 tayari. Ukitaka kumfaa bibi harusi changeni watu watatu mumnunulie sufuria mbili nzito na kisu cha maana, boksi atapewa tu na watu wengine msiwe na wasiwasi.

Nonstiki

Ule utando mweusi jina lake ni PTFE, wengi wanaujua kama Teflon. Uligunduliwa 1938 Marekani na mkemia Roy Plunkett, kwa bahati tu, akiwa anatafuta gesi ya majokofu. Wenyewe kama wenyewe umetulia kabisa, haushikani na kitu, ndo maana haugandi. Kwa hiyo ukimeza kipande kilichobanduka kinapita kilivyoingia. Sisemi uendelee kupikia fraipani iliyochubuka, sasa inaganda kila kitu na hailindi tena aluminiamu iliyo chini, ila usikimbilie hospitali kwa sababu ya kipunje kwenye yai.

Kilicholeta kesi na kelele ni kemikali nyingine, PFOA, iliyokuwa inatumika viwandani wakati wa kutengeneza utando. Hiyo ni mbaya kweli, IARC waliipandisha mwaka 2023 kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na makampuni makubwa yalishakubaliana kuiacha ifikapo 2015. Kwa hiyo boksi likiandikwa "haina PFOA" linasema ukweli kuhusu kitu kimoja tu, halisemi kwamba haina PTFE.

Hatari ya jikoni ni joto. Utando unaanza kuharibika ukivuka nyuzi kama 260, na fraipani tupu iliyosahaulika kwenye moto mkubwa wa gesi inafika huko ndani ya dakika chache. Moshi wake unaweza kumpa mtu homa kama ya mafua, na ndege wa kufugwa ndani, kasuku na wenzake, wanakufa kabisa. Sasa fikiria jiko la mkaa, ambalo moto wake hauna swichi. Nonstiki na mkaa haviendani, nukta. Kama bado unapikia mkaa nunua chuma cha chapati, kipake mafuta mepesi, kichome mpaka kiache kutoa moshi, rudia mara kadhaa, kitakuwa cheusi na yai litateleza. Kinaongeza hata madini chuma kwenye chakula, tena kwa mama mwenye upungufu wa damu hiyo ni faida.

Zile zinazouzwa kama "graniti" au "mabo", zenye madoadoa ya mawe, mara nyingi ni utando uleule umewekewa madoa. Hamna jiwe pale. Za "keramiki" ndo kweli ni kitu tofauti, hazina PTFE na zinahimili joto zaidi, ila utelezi wake unaisha mapema.

Majiko mapya

Indaksheni na infraredi zinafanana sura, meza nyeusi ya kioo yenye vitufe, na watu wananunua moja wakidhani ni nyingine. Infraredi inawaka nyekundu chini ya kioo na inakubali sufuria yoyote yenye kitako bapa, hata aluminiamu ya zamani. Indaksheni haiwaki. Inatuma nguvu ya sumaku na joto linazaliwa kwenye kitako cha sufuria yenyewe, kwa hiyo sufuria ya aluminiamu tupu inakaa pale baridi na jiko linapiga kelele. Hapa ndo sumaku yako ina kazi, ikinasa kwenye kitako, beba.

Presha kuka naipa sifa yake fupi. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, ndo sababu moja maharage yanakula gesi. Ndani ya presha kuka joto linapanda mpaka karibu na 120. Kabla ya kulipa uliza kama mpira wa mfuniko na valvu za spea zinapatikana hapahapa mjini. Kama hazipatikani umenunua sufuria nzito yenye mfuniko mgumu.

Kisu

Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba asubuhi uwaangalie wanaopasua sangara. Kisu hakina jina, bapa lake limeliwa na jiwe mpaka limekuwa jembamba, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ili usiteleze kwa utelezi wa samaki. Kinaingia nyuma ya shavu, kinalala juu ya mfupa wa mgongo, na minofu inatoka kwa mvuto mmoja mrefu bila kusagwasagwa. Samaki wachache, kisha jiwe, mara mbili tatu upande huu, mara mbili tatu upande ule, anaendelea. Utaalamu wote wa visu uko pale. Makali yanatokana na kunoa, stili nzuri inachofanya ni kuyatunza muda mrefu kidogo.

Ugumu wa stili unapimwa kwa namba za Rockwell. Visu vya Kijerumani viko kama 56 hadi 58, vya Kijapani 60 na kupanda. Kigumu kinakaa na makali muda mrefu ila kinameguka, kwa hiyo kisu cha Kijapani ukipasulia kichwa cha sangara au kamongo umekiua siku hiyohiyo. Kwa nyumba ya samaki na mifupa, kisu cha stili laini kidogo unachoweza kukinoa mwenyewe ndo bora. Visu vitatu vinatosha kwa nyumba: kirefu cha sentimita kama 20, kidogo cha kumenyea, na chembamba kinachopinda cha samaki. Angalia chuma kimeingia mpaka mwisho wa mpini, na ukikishika karibu na bapa kisielemee mbele kana kwamba kinataka kuanguka. Kama unapata cha mhunzi kilichotoka kwenye springi ya gari usikidharau, kinakata vizuri ajabu, sharti lake ukifute kikauke kila ukimaliza, la sivyo kutu.

Watu wanasema kisu butu ni salama kwa watoto. Ni kinyume, kwa sababu butu unakikandamiza, nyanya inateleza, na nguvu yote inaishia kwenye kidole. Mwingine anakwambia kisu chenye menomeno hakihitaji kunolewa maisha. Kinahitaji, ila hakinoleki kirahisi, na samaki kinamchana badala ya kumkata.

Ukimpelekea mnoaji wa baiskeli, simama umwangalie. Makali yakigeuka bluu kwenye gurudumu, joto limeshaua ugumu wa stili pale, hayatakaa tena hata ukinoa kila siku. Mwambie kaka taratibu, achovye kwenye maji. Nyumbani jiwe la kunolea linatosha, kisu ukilaze kwa pembe ya kama nyuzi 20 hivi, na siku huna jiwe, kile kiduara kigumu kisichong'aa chini ya sahani ya udongo kinanoa kweli. Katia kwenye ubao au plastiki. Kukatia juu ya sahani, kigae au ule ubao wa kioo wa mapambo ni kuyavunja makali kwa mikono yako.

Sahani na vikombe

Hapa sina maneno mengi. Melamini, zile sahani nyepesi zenye maua zinazofanana na udongo lakini zikianguka hazivunjiki, ni plastiki ngumu, kwa ugali na wali wa kawaida mezani hazina tatizo. Usiziweke kwenye maikrowevu na usizimiminie uji au chai inayotokota, maana joto likizidi nyuzi kama 70 zinaweza kuanza kutoa kemikali zilizotengenezewa. Zikishachakaa na kuchanikachanika kwa kisu zimemaliza kazi. Za enameli, wengi tunaziita za bati, ni nzuri na hazijali ndimu, ila zikibanduka chuma cha ndani kinashika kutu na vipande vyake ni kama vigae vya kioo, hizo peleka bandani kwa kuku.

Za udongo na kaure zigonge kwa ukucha. Nzima inalia kwa mlio mrefu, yenye ufa inajibu "tap" na kunyamaza. Pitisha kidole juu ya ua: ukilisikia limeinuka, rangi imepakwa juu ya mng'ao, na rangi za namna hiyo hasa nyekundu na njano kali zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu na zinatoka kidogokidogo kwa kusugua na kwa ndimu. Ua likiwa ukingoni au nje ya bakuli sio kesi, likiwa katikati pale unapochota mchuzi, chagua nyingine. Kikombe chenye ufa kinanyonya chai na maziwa ndani ya ufa na hakisafishiki tena, hicho wekea miswaki.